Mkopo wa kilimo wa riba ya asilimia 9: unaupataje, na nini cha kuangalia kabla hujasaini

Wakulima wenzangu wa Tanzania, hasa nyie wa heka mbili, tatu, tano. Kila mwaka mvua zikishaanza tu watu wanajaa benki kuulizia mkopo wa mbolea, wengi wanarudi mikono mitupu, halafu wanaishia kwa watu wa kausha damu, wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, au wanauza mazao yakiwa bado shambani, kangomba kwa wa korosho, butura kwa wenzetu wa kahawa kule Kagera. Ukiwauliza wanakwambia mikopo ya bei nafuu ni ya wakubwa. Mimi naona mikopo ipo na mkulima mdogo anaipata, ila anayeipata ni yule aliyeanza kujiandaa miezi mitatu minne kabla ya kulima, na aliyeenda na wenzake. Ndiyo maana naandika hii, nitaeleza kila kitu taratibu.

Kwanza ujue hiyo hela nafuu inatoka wapi, maana ukijua hilo utajua cha kuuliza. Zamani mkopo wa kilimo ulikuwa unafika hadi asilimia 20 kwa mwaka na bado benki nyingi zilikuwa hazitaki kumsikia mkulima. Mwaka 2021 Benki Kuu ikatoa hatua, benki ikikopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10 kwa mwaka inapunguziwa ile akiba inayolazimika kuiweka Benki Kuu, na ikawekwa pia shilingi trilioni 1 ya kukopesha mabenki kwa asilimia 3 ili nao wawakopeshe watu kwa riba isiyozidi hiyo hiyo 10. Baada ya hapo benki kubwa kama CRDB na NMB zikashusha mikopo ya kilimo hadi kwenye 9 au 10. Kwa hiyo ukienda benki ukaambiwa mkopo wa kilimo ni asilimia 17 au 18, usisaini haraka, muulize afisa mikopo kwa heshima tu, "samahani, huu ni ule mkopo wa kilimo au ni mkopo wa biashara?" Mara nyingi mtu kawekwa kwenye mkopo wa biashara ndogo kwa sababu kajieleza kama mfanyabiashara wa mazao, au afisa kaona ndo rahisi kwake.

Halafu kuna TADB, Benki ya Maendeleo ya Kilimo, hii ni ya serikali na ilizinduliwa Agosti 2015. Wengi wanadhani lazima ukapange foleni TADB wenyewe. Wanakopesha moja kwa moja ndiyo, lakini kwa mkulima mdogo njia yao kubwa ni mfuko wa dhamana kwa wakulima wadogo ulioanza 2018, ambapo unakopa kwenye benki ya kawaida iliyo karibu na wewe na TADB anaidhamini ile benki, nusu ya mkopo, na kwa vijana, wanawake na miradi ya kuhimili tabianchi inaweza kufika asilimia 70. Swali la kuuliza benki ni hili hapa, liandike pembeni: "Je, mkopo wangu unaweza kuingia kwenye dhamana ya TADB?" Usisubiri wakwambie wao, uliza.

Na hapa naomba tuelewane vizuri kwa sababu watu wanaumia. Ile dhamana ni ya benki, sio yako. Tuseme umekopa milioni 4 umeshindwa kulipa milioni 3, mfuko ukailipa benki nusu, yaani milioni na nusu, wewe bado unadaiwa milioni 3 ile ile na benki itaendelea kukufuata. Nimesikia viongozi wa vikundi wanawaambia wanachama "serikali imeshatudhamini hata tusipolipa", huo ni uongo mbaya sana na unaua vikundi. Dhamana kazi yake ni kukufungulia mlango pale ambapo huna hati ya nyumba ya mjini, basi. Hata hiyo dhamana ndogo ndogo benki bado wanaweza kukuomba.

Tofauti ya riba sasa. Milioni 1 kwa asilimia 9 kwa mwaka, ukikaa nayo miezi 8 riba yake ni elfu 60. Milioni hiyo hiyo kwa mtu wa mtaani anayekutoza asilimia 10 kwa mwezi, miezi 8 ni laki 8, na wapo wanaotoza zaidi ya hapo. Hiyo laki 7 na elfu 40 ya katikati ni ada za watoto. Kwa hiyo usumbufu wa makaratasi nitakaoueleza hapa chini una malipo yake.

Anza na karatasi, na uanze mapema

Kama uko Nyanda za Juu Kusini au kwingine kwenye msimu mmoja, mvua zinaanza Novemba hivi, basi mwezi wa nane uwe umeshaongea na benki, wa tisa fomu ziwe zimeingia. Maombi yanapita tawini, yanaenda makao makuu, yanarudishwa kwa sababu NIDA ya Mwajuma ina jina la kati na akaunti yake haina, yaani vitu vidogo vidogo vinakula wiki. Wenye vuli na masika hesabuni wenyewe ila kanuni ni hiyo hiyo, miezi mitatu kabla ya kupanda. Hela ya mbolea ya kupandia ikitoka wakati mahindi yameshafika magotini haina kazi, na wewe utaila tu, tuwe wakweli.

Kitambulisho cha NIDA kinatakiwa, na jina lifanane kila sehemu: NIDA, akaunti, laini ya simu, daftari la chama. Hili limekwamisha watu wengi kuliko hata dhamana. Barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji, na iandikwe shamba liko wapi, ukubwa wake na unalima nini, sio ile barua ya mistari miwili "namfahamu mtajwa hapo juu". Kama umeshajiandikisha kwenye mfumo wa mbolea ya ruzuku, hiyo namba yako ya mkulima ni kitu kizuri, inaonyesha wewe ni mkulima kweli na ukubwa wa shamba umeandikwa. Hakikisha tu ukubwa ulioandika huko ndo huo huo unaompelekea benki, wapo watu waliandika heka 10 wapate mifuko mingi, benki wanakuja kupima wanakuta 3, hapo imani imeisha.

Akaunti ya benki fungua leo. Sio wiki ya kuomba mkopo. Hela yoyote ya mazao, hata laki moja ya maharage, ipitishe humo ndani, itoke baadaye sawa, lakini ipite. Afisa mikopo anachotafuta ni ushahidi kwamba unavuna na unauza, na steitimenti ya msimu mmoja inaongea kuliko maneno yako yote. Hii kwa wakulima wa korosho na ufuta ni rahisi kwa sababu malipo ya minada yanaingia benki, wa mahindi, mpunga na viazi ndo wana kazi maana wanauza kwa hela mkononi. Wekeni wenyewe, na mtunze risiti za mbegu na mbolea, na daftari la kawaida la shule: tarehe, heka, mifuko mingapi, gunia ngapi, umeuza bei gani kwa nani.

Kuhusu ardhi. Kama kijiji chenu kimepimwa na kina mpango wa matumizi ya ardhi, fuatilia hati ya hakimiliki ya kimila, ile inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Sio kila benki inaipokea kwa furaha lakini zipo zinazoipokea, na hata isipotumika kama dhamana inaonyesha shamba ni lako. Ukiweka shamba au nyumba ya familia rehani, ridhaa ya mwenzi wako kwa maandishi inatakiwa kisheria, na hapa nawaambia wanaume wenzangu, mama akae mezani tangu siku ya kwanza mnapopiga hesabu, asiitwe siku ya kuweka dole gumba. Shamba likiondoka linaondoka na yeye na watoto. Kama mkopo ni wa milioni moja au mbili mimi ushauri wangu usiweke shamba la familia kabisa, pita njia ya kikundi.

Kingine watu hawakijui: benki kabla ya kukupa wanaangalia kanzidata ya taarifa za wakopaji. Vile vimikopo vya simu ulivyochukua elfu 30 ukabadilisha laini vinaweza kuonekana mle. Vilipe vyote kabla hujaomba, utunze meseji za kumaliza.

AMCOS au kikundi

Peke yako inawezekana, ila ukiwa na heka tatu gharama ya benki kuja kukukagua ni kubwa kuliko faida watakayopata kwako, ndo maana wanakuzungusha. Mkienda watu 30 kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima kinachokusanya mazao yenu, benki inaona hela itakatwa pale pale mazao yakiuzwa, na hapo ndipo milango inafunguka. Tumbaku, pamba, kahawa, korosho wamezoea huu mfumo miaka mingi.

Sasa AMCOS haiwezi kukopa tu kwa sababu mwenyekiti anataka. Mkutano mkuu wa wanachama ndo unapitisha ukomo wa madeni, yaani chama kisikope zaidi ya kiasi fulani mwaka huo, halafu Mrajis wa vyama vya ushirika anaidhinisha. Hiyo nayo inachukua muda, kwa hiyo kama chama chenu hakijaitisha mkutano mapema mjue mkopo wa msimu huo mmeshaukosa. Nenda kwenye mkutano. Uliza ukomo wetu ni shilingi ngapi, madeni ya nyuma yamebaki kiasi gani, nani anadaiwa, vitabu vimekaguliwa lini mara ya mwisho. Ukiona mwenyekiti anakasirika kwa maswali hayo, chama hicho usikope nacho, kwa sababu utakatwa mazao yako kulipa deni la mtu ambaye hakupanda hata mche mmoja. Hili limetokea vyama vingi na watu wameacha hata kulima hilo zao.

Kama hakuna AMCOS ya maana kwenu, kikundi cha kudhaminiana cha watu mnaojuana kinafaa. Muwe mnaofahamiana mashamba, sio mnaofahamiana kwa vicoba vya mjini tu, maana mwenzako asipolima utalipa wewe. Mimi napendelea kikundi kidogo cha watu wanaotembeleana shambani kuliko kikubwa chenye majina ya watu waliohamia Dar.

Na usisahau mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, hauna riba kabisa. Ulisimamishwa 2023, ukarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Anza kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, kikundi kisajiliwe, muwe na akaunti ya kikundi na andiko la mradi. Shida yake hela huwa haiji kwa kalenda ya mvua, kwa hiyo mimi naona unafaa zaidi kwa pampu ya umwagiliaji, mashine ya kupukuchulia, mizinga, vitu ambavyo ukivipata Machi au Julai yote sawa, kuliko mbolea.

Hesabu ya kukopa, hii ndo usiirukie

Watu wengi wanauliza "wanatoa mpaka kiasi gani", swali lenyewe ni shamba lako linaweza kulipa kiasi gani kwenye mwaka mbaya. Nakupa mfano, bei weka za kwenu. Una heka 3 za mahindi, mwaka mzuri unapata gunia 15 kwa heka, jumla 45. Familia inakula gunia 10, hizo hazihesabiki kabisa, usije ukalipa deni kwa chakula cha watoto. Zinabaki 35, bei ikiwa elfu 60 unapata milioni 2 na laki 1, unaona mbona kukopa milioni 1 na laki 2 ni rahisi tu. Haya sasa weka mwaka mbaya: gunia 12 kwa heka ni 36, toa 10 za chakula zinabaki 26, na bei imeporomoka hadi elfu 45, hiyo ni milioni 1 na elfu 170. Mkopo wa milioni 1 na laki 2 kwa asilimia 9 miezi tisa unarudisha milioni 1 na elfu 281. Haujatosha, umebaki na deni laki na elfu 11 na hujalima msimu unaofuata. Ukikopa milioni 1 kamili unarudisha milioni 1 na elfu 67 na mia 5, mwaka mbaya unalipa na unabakiwa na kidogo. Kwa hiyo kopa milioni 1, hata kama benki wako tayari kukupa 2. Hizo mbili za kwao zinahesabu mwaka mzuri.

Orodha ya matumizi andika kwa kazi na tarehe, kulima na kupiga haro, mbegu, mbolea ya kupandia, palizi ya kwanza, mbolea ya kukuzia, dawa ya viwavijeshi, kuvuna, kupukuchua, magunia, usafiri. Ya kuvuna na usafiri watu wanaisahau halafu mazao yapo shambani huna hela ya kuyatoa, unauza kwa bei ya mtu wa lori. Kama benki wanakubali kutoa kwa awamu, chukua kwa awamu, ya palizi ije wakati wa palizi, riba inaanza kuhesabika siku hela inapoingia kwako.

Siku ya kusaini

Omba mkataba wa Kiswahili, au usomewe mbele ya mtu unayemwamini, na uchukue nakala kwenda nayo nyumbani ulale nayo usiku mmoja. Angalia ratiba ya marejesho kabla ya kitu kingine chochote. Mkopo wa mazao marejesho yake yawe baada ya kuvuna na kuuza, mara moja au mbili. Wakikuandikia marejesho ya kila mwezi kuanzia mwezi wa pili huo sio mkopo wa mkulima hata riba iwe 5, maana mwezi wa pili mahindi yako yako shambani, utalipa na nini, utakopa kausha damu ulipe benki. Nimeona mtu anapewa ratiba ya hivyo kwenye mkopo ulioandikwa "kilimo" kwa juu. Kataa, omba wabadilishe, na mara nyingi wakibanwa wanabadilisha. Na tarehe ya mwisho usiweke wiki ile ile ya mavuno, kila mtu anauza siku hizo na bei iko chini kabisa, omba miezi miwili mitatu mbele.

Uliza riba ni kwa mwaka au kwa mwezi, mtu anasikia "asilimia 3" anafurahi kumbe kwa mwezi, hiyo ni 36. Uliza inahesabiwa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wote mpaka mwisho, kama unalipa kwa awamu tofauti yake ni kubwa. Uliza ada ya kuandaa mkopo, bima ya mkopo, gharama ya ukaguzi, jumla yake ni shilingi ngapi na kama zinakatwa juu kwa juu, ili ujue mkononi utapata kiasi gani. Ukiomba milioni ukapata laki 9 na 40, bajeti yako ya mbolea imeshavurugika.

Bima ya mazao ulizia kama ipo kwa zao lako na wilaya yako. Tangu 2023 kampuni za bima zimeungana kwenye konsotia ya bima ya kilimo na mabenki mengine yanaiunganisha na mkopo. Soma inalipa nini, nyingi zinaangalia kipimo cha mvua au ukame wa eneo zima, sio nguruwe pori walioingia kwako peke yako. Na tofautisha na bima ya mkopo, hiyo kwa kawaida inahusu mkopaji akifariki au kupata ulemavu wa kudumu, ukame haumo.

Mambo yakienda vibaya na baada ya kuvuna

Mvua ikikata usijifiche. Nenda benki kabla ya tarehe ya rejesho, na barua ya bwana shamba inayosema hali ya shamba, picha za simu, omba kupangiwa upya. Mkopo uliopangwa upya bado ni mkopo mzima, ila uliozimiwa simu unaenda kwa madalali, na wadhamini wako kwenye kikundi ndo wanaanza kuuza mbuzi. Ukiona umeonewa, mfano wamekata ada ambayo haipo kwenye mkataba, andika malalamiko kwa benki yenyewe kwanza upate jibu la maandishi, wasipokujibu au usiporidhika peleka dawati la malalamiko la Benki Kuu.

Ukivuna usikimbilie kuuza yote. Kwa mazao yanayopita kwenye stakabadhi ghalani, chini ya ile sheria ya 2005, unaweka mzigo kwenye ghala lenye leseni unapewa stakabadhi, na ile stakabadhi baadhi ya benki zinaipokea kama dhamana ya mkopo wa muda mfupi kwa sehemu ya thamani ya mzigo, unalipia shule unasubiri bei. Hakikisha uzito na daraja vimeandikwa sawa kabla hujaondoka ghalani, ukishatoka pale kubishana ni kazi.

Ukimaliza kulipa omba barua ya kumaliza deni siku hiyo hiyo, rudisha hati yako mkononi kama uliweka, hakikisha jina la mdhamini wako limetolewa, na baada ya mwezi hivi muulize afisa kama kwenye ile kanzidata ya wakopaji unaonekana umelipa. Wasipokuwa wamesahihisha waandikie, maana benki nyingine itakayokuangalia mwakani itaona deni ambalo wewe ulishalimaliza.